Majivu ya Malampaka

Alikuwa mtu mfupi, kichwa kikubwa, shingo kama aliisahau nyumbani. Ukimkuta amekaa kwenye kigoda chake ungedhani ni fundi baiskeli anayesubiri mteja. Lakini akisimama mbele ya ngoma, uwanja mzima ulinyamaza, hata watoto wa mgongoni. Huku kwetu Simiyu mtu wa namna hiyo tunamwita ningi. Ndiye anayetunga nyimbo, ndiye anayeziongoza, na kundi likishinda au likishindwa wanasema ni yeye. Jina lake nalijua kama langu, ila hapa sitalitaja. Nimelitaja vya kutosha baa.

Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nasema hivyo kifua mbele, maana wenye digrii wananipisha njia. Mashine za kukoboa mpunga zile tatu za pale Bariadi ni zangu, lori la kwenda Nyashimo ni langu, na nyumba ya bati la bluu unayoiona ukitoka stendi sikuirithi kwa mtu. Aibu ninayo, lakini si ya shule. Aibu yangu ina kichwa kikubwa na shingo fupi.

Ningi alikuwa na vinywa viwili. Kinywa cha uwanjani kilikuwa kama panga. Akikuimba, mwaka mzima watoto wanakukimbiza na wimbo huo njiani. Kinywa cha nyumbani kilishindwa hata kupunguziwa bei ya kuku. Mimi aliniimba nilipokuwa bado nauza chumvi na sabuni juu ya baiskeli. Aliimba kwamba tumbo langu linafika mnadani asubuhi, mwenyewe nafika jioni. Nilikasirika mwezi mzima. Siku moja akaja kwenye biashara yangu kununua chumvi, akainama kabisa, akanisalimu kwa mikono miwili.

"Mwangaluka, bhabha."

"Usiniite baba. Umenitukana mbele ya watu."

"Si mimi. Ngoma ilisema."

"Na hiyo ngoma, tumbo langu imeliona wapi?"

Akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Hivyo ndivyo alivyocheka siku zote, kama mtu anayeficha jino bovu, na meno yake yalikuwa mazuri kuliko ya wengi.

Kingine, alikuwa mtu wa kula. Mfukoni hakosi michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, anatafuna huku anatembea, anatafuna huku anatunga. Shambani walimwita mvivu. Analima matuta matatu, anakaa. Anapanda kilima kidogo tu, anashika magoti. Mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi ni chemli. Mafuta yakiisha, msiniulize kitu." Tulicheka. Mtu anayeweza kusimamisha uwanja anashindwa na matuta manne ya pamba! Mama yake naye, walisema wazee, alikuwa hivyohivyo, akawa kiziwi angali mama wa watoto wadogo, akafa. Hakuna aliyeunganisha hayo mawili. Huku mtoto ni wa baba. Ukiugua, wazee wanapiga hesabu za ukoo wa baba, wa mama hauulizwi.

Sasa nieleze ya ngoma, maana bila hiyo hutanielewa.

Baada ya kuvuna pamba, makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, siku moja, saa moja. Hili linapigia huku, lile linapigia kule, na watu wanazunguka lile linalowavuta. Hakuna jaji. Miguu ya watu ndiyo jaji. Kwa hiyo kila kundi lina ningi wake, na kila kundi lina dawa, ya kuvuta watu na ya kumwangusha ningi wa wenzake. Mimi kundi letu lilinichagua mbeba dawa, kwa sababu nilikuwa na baiskeli na nilikuwa na mdomo. Nikatumwa kwa mganga mmoja mbali, upande wa Maswa, nikalete kitu cha kumzima Ningi.

Sikufika kwa mganga. Kwa mara ya kwanza naandika hivyo. Nilifika Malampaka tairi limepasuka, jua linachoma, nikakaa pale karibu na stesheni ya reli kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo. Nikala, nikanywa, nikakuta siku imekwisha. Nikalala hapohapo kwa mtu. Asubuhi nikaangalia safari iliyobaki, nikaangalia jiko la yule mama. Nikachota majivu, nikayatia kwenye mfuko wa chumvi, nikayafunga kwa uzi mwekundu. Narudi nyumbani uso umekunjwa kama mtu aliyeongea na mizimu.

Siku ya ngoma nilipita upande wao kwa kiburi nikamwaga majivu pale Ningi angesimama. Nilitaka watu waone. Waliona. Yeye mwenyewe aliniona, akanikazia macho, kisha akaanza kuimba.

Aliimba vizuri kuliko siku zote. Saa ya kwanza watu wote kwake. Saa ya pili watu wote kwake, ningi wetu amebaki na wake zake na mbwa. Halafu nikamwona Ningi anashika kichwa upande mmoja. Anaimba, anashika. Akatapika. Akageukia ngoma kama haioni ilipo, akaanza kusema maneno ambayo si Kisukuma wala Kiswahili, mkono wa kushoto ukaruka peke yake, akaanguka anatikisika, povu mdomoni.

Uwanja mzima ukageuka kunitazama mimi.

Nifanye nini? Ningekuwa mtu mwema ningesema jamani, mbebeni mtu huyu, yale ni majivu ya mihogo. Mimi nilikunja mikono kifuani. Nikasema, na hayo maneno watu wa umri wangu bado wanayakumbuka, "Nilimwambia anyamaze."

Utajiri wangu nusu ni jasho, jasho kweli, simpi mtu sifa yake. Nusu nyingine ni yale majivu. Hakuna mwizi aliyegusa mashine yangu. Aliyegombania kiwanja nami alinong'onezwa mimi ni nani, akaniachia. Madereva hawanichezei. Nikikaa baa watu wanasogeza viti, na kijana mgeni akiuliza huyu nani, mimi mwenyewe nilikuwa nikijibu, "Muulize Ningi, kama anakusikia."

Maana hasikii. Hilo lilikuja kidogokidogo. Sikio la kushoto, kisha la kulia, likabaki la kupigiwa kelele. Akajifunza kukusoma mdomoni, na alikuwa hodari, ukiongea taratibu unamkuta amejibu kabla hujamaliza. Ngoma aliisikiliza kwa kiganja, anaweka mkono juu ya ngozi, anafumba macho. Macho nayo yakafuata. Hakuwa kipofu. Alipoteza upande. Anakula ugali wa upande wa kulia wa sahani, wa kushoto unabaki, halafu anamlalamikia dada yake kwamba siku hizi ananyimwa chakula. Dada anaizungusha sahani. "Kumbe upo!" anasema, na anaziba mdomo, mabega yanatikisika.

Kila alipoanguka kulikuwa na kitu kinachobaki pale chini. Mara hii neno. Jembe akaliita "ile ya kukatia udongo". Mara nyingine njia ya kisimani. Kibaya kuliko vyote, nyimbo. Vijana walimwimbia wimbo wake mwenyewe, wanapiga kelele sikioni, mkono wake juu ya ngoma. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Huyu aliyetunga ni wa wapi? Anajua." Nilikuwepo. Nilipita kupeleka pumba za ng'ombe, nikijifanya tajiri mwenye huruma. Vijana waliniangalia, nikaangalia matairi ya lori.

Mke wake alikuwa ameshaondoka, na watoto. Alibaki na dada yake, mjane, na binti wa huyo dada. Dada ndiye aliyekuja kwangu, mwaka wa pili baada ya ngoma. Alikuja na kondoo mweusi, akapiga magoti kwenye pumba za mashine yangu.

"Bosi, mmeshinda. Ngoma imekwisha. Mwachie kaka yangu."

Sasa hapa ndipo mtu anapimwa. Aliyemfunga mwenzake kwa hasira, kwetu, anaweza kumwachia. Anajaza maji mdomoni, anampulizia kifuani, anasema nimekuachia. Nilikwenda. Nikajaza maji mdomoni. Ningi amekaa kwenye kigoda, ananitazama kwa ule upande aliokuwa anaona, nikampulizia, nikasema nimekuachia kwa sauti ya mganga. Kisha nikarudi nyumbani na kondoo, tukamla.

Ningi hakupona, bila shaka. Watu wakasema moyo wangu haukuwa mweupe, nilipuliza maji ya juujuu. Sifa yangu ikazidi. Dada akaanza kuzunguka kwa waganga, mmoja baada ya mwingine, na wote dawa yao ni ileile: afungiwe ndani, afukizwe, asile siku tatu, siku saba. Kila akitoka huko anaanguka vibaya zaidi. Yule mtu wa michembe!

Mwaka jana aliangukia pale Nyashimo barabarani, mbele ya wageni, watu wasiojua habari za dawa yangu. Hao hawakuuliza nani kamroga. Wakampakia kwenye gari, akafika Mwanza, hospitali kubwa, akalazwa. Alipopata nafuu nikaombwa gari ya kumrudisha. Ndiyo maana nilikuwepo, mimi, dada yake na Ningi mwenyewe, daktari alipotuita.

Daktari alikuwa binti mdogo, miwani, anaongea Kisukuma cha mjini. Akatundika picha ya kichwa cha Ningi kwenye taa. Ubongo unaonekana kama karanga iliyopasuliwa, na ndani yake mabaka meupe, nyuma upande mmoja, na pembeni juu ya sikio.

"Hapa pameungua," akasema. "Nyuma hapa ndipo macho. Hapa pembeni ni kusikia na maneno."

"Kiharusi?" nikauliza, ili ajue naelewa.

"Kinafanana. Lakini kiharusi cha kawaida ni mshipa kuziba, na eneo la mshipa huo linakufa. Haya mabaka hayafuati mshipa. Mishipa yake iko wazi. Damu inafika, chakula kinafika. Tatizo liko ndani ya seli zenyewe."

Akatueleza. Mwili, alisema, ni vyumba vidogovidogo visivyohesabika, na ndani ya kila chumba kuna vijimashine vinavyochoma chakula kutoa nguvu. Vinaitwa mitokondria. Vya Ningi vingi ni vibovu tangu tumboni. Damu yake ilipelekwa mbali kupimwa, na majibu ndiyo hayo. Mkono unaweza kuvumilia nguvu kidogo, ngozi inavumilia. Ubongo hauvumilii, unakula nguvu kuliko kitu kingine.

Nikwambie, mimi wa darasa la nne nilielewa pale kuliko ningeeleweshwa chuo. Umeme ukiwa mdogo, taa inafifia tu, redio inaendelea kuongea. Lakini washa mashine ya kukoboa kwenye umeme mdogo uone. Mota inaguna, inajaribu, inaguna, haizunguki, halafu unasikia harufu. Koili imeungua. Umeme ukirudi mzima kesho, koili hairudi. Nimeunguza mbili. Nikamwambia daktari hivyo.

"Hivyohivyo," akasema. "Na ni nini kinaleta mzigo mkubwa kwenye mashine ya namna hiyo? Homa. Kazi nzito juani. Na zaidi ya yote, njaa."

Njaa. Waganga wao walikuwa wamemfungia Ningi siku tatu bila chakula kabla ya ile ngoma, ndivyo wanavyofanya ningi asafishike. Wetu naye alifungiwa, ila yeye aliiba muhogo.

Dada yake akauliza, "Daktari, umesema mashine zake zimeharibika. Nani ameziharibu?"

"Hakuna nani, mama. Amezaliwa nazo. Ugonjwa huu unapita kwa mama. Mama yenu alikuwa nao, kampa yeye, na inawezekana wewe unao kidogo usiojionyesha. Watoto wake yeye wamesalimika, mwanaume hapitishi. Wako ndio naomba niwaone. Unaye binti?"

"Ninaye."

"Anaumwa kichwa?"

Dada aligeuka akanitazama mimi. "Daktari ni mtoto," akasema kwa Kisukuma cha ndani, taratibu. "Anajua kilichoungua. Aliyechoma hamjui."

Nafasi ilikuwa pale. Mlango umefungwa, watu wanne, mmoja wao kiziwi. Nikakohoa. Nikasema gari limeegeshwa vibaya.

Dawa ya kuponya hakuna, daktari alisema, lakini binti akijulikana mapema anaweza kulindwa. Asikae na njaa, homa ikianza akimbizwe, akianza kutapika na kuumwa kichwa apate dripu haraka. Hata dawa za kifafa zichaguliwe, kuna moja inayowafaa wengine ambayo kwao ni sumu. Akaandika yote kwenye karatasi. Dada aliikunja, akaitia kwenye khanga. Sikuiona tena kwa muda mrefu.

Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, mashine zote tatu zinanguruma na wateja wamejaa, akaingia dada yake na kondoo mweusi. Akapiga magoti palepale pa zamani.

"Binti yangu anatapika tangu juzi. Shuleni anasoma nusu ya ubao. Mganga anamsubiri, siku saba, lakini amesema bila wewe ni kazi bure. Bosi, nakuomba. Huyu ni mtoto, hajawahi kukuimba."

Nikazima mashine. Siku saba bila kula. Nikaiona koili, nikasikia ile harufu.

"Twende," nikasema. "Kondoo mwache hapa, apelekwe kwako baadaye."

"Hapana. Kondoo ni wako, kwa kumwachia."

Tukapanda gari na kondoo nyuma.

Ningi alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo kwenye ukuta. Amekonda, kichwa kimekuwa kikubwa zaidi. Binti amelala kwenye mkeka pembeni yake, amefunika macho kwa mkono. Ng'ambo ya uwanja kina mama wa jirani walikuwa wakibangua karanga. Dada akaniletea kibuyu cha maji, akapiga magoti, akasubiri nijaze mdomo.

Sikupokea. Nikachuchumaa mbele ya Ningi, upande anaouona, nikasema kwa sauti ya chini, "Ile dawa haikuwa dawa. Sikufika kwa mganga. Yalikuwa majivu."

Ningi akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sisikii, Mbeba Dawa."

Nikasogea. "Nasema yalikuwa majivu. Sikukuroga."

"Paza. Unajua mimi kiziwi."

Nikasimama. Jasho linanitoka kama siku ya kwanza ya mkopo wa lori. Mimi, ambaye hata mwenyekiti ananisalimu kwanza, nikapiga kelele, "Majivu! Nilichota kwenye jiko la mihogo, Malampaka! Sijawahi kumroga mtu yeyote! Sijui kuroga!"

Karanga zikanyamaza. Kina mama wakainuka. Nyumba ya pili wakatoka, wanaume waliokuwa kwenye zizi wakaja na fimbo zao.

"Anasema nini?" Ningi akawauliza watu.

"Anasema alidanganya," mmoja akamjibu sikioni.

"Aseme mwenyewe. Na yale maji ya kifuani?"

"Na yale maji nilidanganya!" Sauti ilikuwa imeanza kukatika. "Na kondoo nilimla bure! Huyu mtoto hajafungwa na mtu! Ni ugonjwa wa mama yenu, kama alivyosema daktari! Akinyimwa chakula siku saba atabaki hivi, kama kaka yako! Mayu, mama yangu, tafadhali, mpe mtoto ale, tumpeleke Mwanza!"

Dada alikuwa bado amepiga magoti na kibuyu. Akamwaga maji chini, taratibu, kwenye vumbi kati ya miguu yangu, akainuka akaingia ndani. Nikasikia sufuria.

Mzee mmoja akatema mate pembeni. Kina mama wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha wote, "Majivu ya mihogo!" na nikajua kufikia jioni kicheko kile kitakuwa kimefika stendi ya Bariadi kabla yangu.

Ningi akanivuta mkono, nikachuchumaa tena.

"Nilijua," akasema. Maneno yake yanatoka moja moja siku hizi. "Siku ileile. Niliuona mfuko. Wa chumvi. Nani anatia dawa kwenye… ile ya chumvi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba nimeanguka bure?" Akatafuta neno, akalikosa, akalipata. "Ningi aliyerogwa ni ningi. Anayeanguka mwenyewe ni mgonjwa tu. Nikakuacha uringe. Wote tuliringa." Akamtazama binti kwenye mkeka. Alilazimika kugeuza kichwa chote ili amwone. "Sasa basi."

Dada akatoka na bakuli la uji na mfuko wa michembe, na ile karatasi ya daktari, imekunjwa vilevile. Tukamshusha kondoo, tukamnyanyua binti, tukamkalisha kiti cha mbele. Nikarudi kumuaga Ningi. Nilikuwa na kitu kinanisumbua.

"Unasoma midomo," nikamwambia, bila kutoa sauti, nikichezesha mdomo tu. "Mara ya kwanza hukunielewa?"

Akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika.

"Nilikuelewa," akasema. "Ila watu walikuwa hawajafika."

Niliwasha gari. Kule nyuma mtu alikuwa ameanza kupiga kitu, ndoo au debe, na sauti nzito, ya taratibu, ilikuwa ikijaribu neno la kwanza la wimbo, inalikosa, inalijaribu tena. Binti alikuwa anatafuna michembe. Nikamwambia ale mingine.